Kilomita 160 Bila Duka
Njia ya Appalachian nchini Marekani ina urefu wa takriban kilomita 3,500, kutoka Georgia hadi mlima Katahdin, jimbo la Maine. Benton MacKaye alitoa wazo lake mwaka 1921. Njia ikakamilika 1937.

Maine ndiyo sehemu inayotisha na kuvutia kuliko zote. Ukiuacha mji mdogo wa Monson, mbele kuna kilomita zipatazo 160 za misonobari, maziwa na vinamasi, bila mji wala duka. Msafiri hubeba chakula mgongoni na kuvuka vijito kwa miguu, na mvua ikinyesha, mizizi huteleza kama sabuni.

Kinachomwongoza ni mistari myeupe ya rangi, upana sentimita 5 na urefu 15, iliyopakwa kwenye miti na miamba. Kwenye mto Kennebec alama hiyo imo ndani ya mtumbwi! Mabwawa ya umeme upande wa juu hufungulia maji na mto ukajaa ghafla, ndiyo maana msimu wa safari huwekwa mvushaji. Huvusha watu bure, na hakuna sababu ya maana ya kumkwepa.

Katahdin yenyewe, mita 1,605, hupandwa kwa mikono na miguu juu ya majabali. Wanaoanzia Georgia hujitahidi kufika kabla ya katikati ya Oktoba, baridi kali isije ikawafungia mlima.