Ghulamu wa Karata Hajui Ghaibu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu tunaanza.

Na tuweke mfano wa nyumba moja katika kata ya Nyakasimbi, wilaya ya Karagwe. Kahawa imekwisha kuchumwa, kuanikwa na kuuzwa, na fedha yake imewekwa sandukuni iwe mahari ya kijana mkubwa wa nyumba hiyo. Siku moja sanduku lafunguliwa, fedha haimo. Baba ataka watu waulizwe kwa upole; mama ashauri itafutwe kwanza. Lakini binti yao ana simu, na ndani ya simu hiyo yumo bibi mmoja wa nchi ya mbali atandazaye karata na kueleza yaliyofichika. Karata moja yafunuliwa: kijana amesimama juu ya kilima, ameshika upanga kwa mikono miwili. Yule bibi asema, "Yumo kijana kati yenu, mwepesi wa miguu na mpelelezi wa siri za watu. Jihadharini naye." Macho ya wote yamgeukia mtoto wa shangazi, aliyekuja kutoka Kyerwa kusaidia kuchuma.

Mfano huu tumeubuni sisi, wala hatumkusudii mtu yeyote. Walakini jambo lenyewe lipo, na vijana wetu wengi hulidhania kuwa ni mchezo usiodhuru. Kwa hiyo tumeona ni wajibu kueleza karata ile ni kitu gani, imetoka wapi, na dini yetu yasema nini juu ya mwenye kuiuliza.

Karata hizo huitwa taroti. Jumla yake ni 78. Kati ya hizo 22 zina picha za namna ya peke yake, kama vile jua, mwezi na mauti. Na 56 zilizobaki zimegawanyika mafungu manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Katika kila fungu mna karata nne zenye watu wa jumba la kifalme, yaani mfalme, malkia, mpanda farasi na ghulamu. Basi watu hao jumla yao ni 16. Nao ndio wenye hatari kuliko karata nyingine zote. Kwani karata ya tarakimu husema juu ya safari, mali au maradhi, lakini karata ya mtu hutaka apatikane mtu wa kuvishwa sura ile.

Tazameni sasa jinsi wasomaji wa karata wanavyozifasiri. Mara husema kwamba yule ghulamu ni mtu hasa, aliye karibu nawe. Asipopatikana mtu wa kufanana naye, husema kuwa ni tabia yako wewe mwenyewe uliyeuliza. Na kama hilo nalo halikubaliki, husema kuwa si mtu wala si tabia, bali ni habari iliyo njiani. Nyumba yenye milango mitatu haikosi pa kutokea! Maneno yawezayo kugeuzwa kila upande hayawezi kuonekana kuwa ya uwongo, na kwa sababu hiyo hiyo hayawezi kuthibitika kuwa ya kweli.

Tena vitabu vyao vya Ulaya viliweka kanuni ya rangi: fungu hili ni la watu weupe wenye nywele za dhahabu, fungu lile ni la watu wenye nywele nyeusi na macho meusi. Kwa kanuni hiyo, watu wa Nyakasimbi wote, tangu mzee wa msikiti hata mtoto wa chuoni, wangeingia katika fungu moja! Je, elimu ya ghaibu ndiyo hiyo, isiyojua kwamba duniani kuna Karagwe?

Ama asili ya karata hizo, ni jambo la ajabu kidogo, maana lina nasaba na sisi. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul mna karata za kale za zama za Wamamluki waliotawala Misri. Mwanachuoni L. A. Mayer alizigundua humo mwaka 1931. Mafungu yake ni manne: vikombe, dirhamu, panga na fimbo za mchezo wa mpira wa farasi. Wakubwa wake ni mfalme, naibu wa mfalme, na naibu wa pili. Hawakuchorwa sura; vyeo vyao vimeandikwa tu kwa hati nzuri. Karata za namna hiyo zilipovuka bahari kwenda Ulaya, Wataliano waliziita "naibi", na hata leo Wahispania huziita "naipes", kutokana na neno hili hili naibu. Mji wa Florence ulikwisha toa amri juu ya mchezo huo mwaka 1377.

Wareno nao walipofika pwani yetu walituachia majina ambayo wachezaji wanayatumia hata leo. Kopa kwa Kireno ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pao ni fimbo. Ni mafungu yale yale manne! Na katika lugha ya karata, mzungu wa nne ndiye mfalme, nao wamo bibi na ghulamu. Basi yule kijana mwenye upanga aliyeitia hofu nyumba ya Nyakasimbi ni ndugu wa ghulamu wa shupaza, anayepigwa chini ya miembe kila jioni na watu wanaocheza, wala hakuna anayemwogopa.

Hata taroti yenyewe ilianza kuwa mchezo, huko Italia katika karne ya 15. Miaka zaidi ya 300 ikapita kabla haijavishwa joho la utabiri. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba karata hizo ni hekima ya makuhani wa Misri ya kale, wala hakuwa na ushahidi. Mwenzake, Etteilla, akatunga kitabu cha kufundisha kuzifasiri. Picha zinazoenea sana leo zilichorwa na bibi mmoja, Pamela Colman Smith, zikatolewa London mwaka 1909. Hii ndiyo siri yote: mchezo uliotiwa chumvi.

Sasa tuingie katika dini. Katika Sura ya Maida, aya ya 3 na ya 90, Mwenyezi Mungu ameharimisha kupiga ramli kwa mishale, na ameitaja pamoja na ulevi, kamari na masanamu. Washirikina wa Makka walikuwa na mishale ya kutakia shauri. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alipoifungua Makka, alikuta ndani ya Al-Kaaba sura za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail zimechorwa mikononi wakiwa na mishale hiyo, akaamuru ziondolewe, na akabainisha kwamba Manabii hao hawakuitumia kamwe. Na Muslim amepokea kwamba mwenye kumwendea mtabiri akamwuliza jambo, sala zake hazikubaliwi kwa siku 40. Mshale ulikuwa wa mti, na karata ni ya karatasi. Hukumu haibadiliki kwa kubadilika chombo.

Zaidi ya hayo, ukumbuke, ewe msomaji, msiba wa Bibi Aisha (r.a.) aliposingiziwa. Mtume alikaa yapata mwezi mzima katika huzuni, akiuliza na kushauriana, mpaka uliposhuka wahyi katika Sura ya Nur. Yeye aliyekuwa akiteremshiwa wahyi hakudai kuijua ghaibu kwa nafsi yake. Bibi wa ndani ya simu aijue kwa vipande vya karatasi?

Wala tusimcheke mgeni tukajisahau sisi wenyewe. Nchi za maziwa makuu zilikuwa na wafumu wao na kauri zao tangu kale. Na sisi Waislamu tunao watu wavaao kanzu na kushika tasbihi, wapigao ramli ya mchanga yenye sura 16, idadi ile ile ya wakubwa wa taroti! Tanzania inalijua neno "ramli chonganishi", yaani ramli imtajayo mtu na kuwagombanisha ndugu. Kwa sababu yake vikongwe wameuawa, na watu wenye ualbino wamewindwa, hata Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli mwezi wa Januari 2015. Sheria ya Uchawi nayo, iliyowekwa tangu mwaka 1928, inamhukumu mwenye kumsingizia mwenzake uchawi. Mauaji hayo huanza kwa neno dogo: "Yumo mtu kati yenu."

Basi nyumba iliyofikwa na jambo ifanye nini? Kwanza, itafute kwa njia za dhahiri: iulize, ihesabu, ikumbuke nani alifungua sanduku na lini. Pili, ishauriane na wazee. Tatu, mwenye kusitasita katika jambo la halali asali Istikhara kama Mtume alivyowafundisha Masahaba: rakaa mbili, kisha dua. Nayo haihitaji ndoto wala ishara. Mja humkabidhi Mola wake jambo, kisha hushika njia iliyo bora machoni pake. Nne, wazazi wakae na watoto wao na kuwaeleza haya kwa upole. Maana kijana aliyenyang'anywa simu kwa ukali atatafuta nyingine, bali aliyefahamishwa ataiacha karata mwenyewe.

Na ile fedha ya kahawa? Pengine itaonekana chini ya nguo, pengine mwizi atajulikana, pengine isionekane kabisa. Fedha huja tena kwa mavuno ya mwaka ujao. Lakini mtoto wa shangazi aliyetazamwa kwa jicho la wizi, akafunga kitambaa chake na kurudi kwao Kyerwa usiku, je, mavuno gani yatamrudisha? Katika Sura ya Hujurat, aya ya 12, tumeamrishwa tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi. Baba wa nyumba ile na aondoke mapema, amfuate kijana huyo, amwombe radhi mbele ya mama yake. Kisha ndipo atafute fedha.

Wabillahi taufiq.