Harufu ya Zizini na Mawingu ya Nyota

Mtu akifungua zizi la mbuzi alfajiri, hupigwa na harufu kali hata macho yakamtoka machozi. Hiyo ni hewa iitwayo amonia, nayo ina habari kubwa kwetu wakulima wa Butembo na Beni.

Mwaka 1968, huko California, Marekani, mtaalamu Charles Townes na wenzake walielekeza chombo cha kupokea mawimbi ya redio upande wa katikati ya Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota tuuonao usiku. Wakaigundua amonia katika mawingu yaliyotanda kati ya nyota. Mawingu hayo si ya mvua. Ni hewa na vumbi, yenye baridi kupita barafu. Amonia ni muungano wa nitrojeni na haidrojeni. Nitrojeni huundwa ndani ya nyota, nazo zifapo huimwaga angani. Na katika wingu la namna hiyo jua letu na dunia vilizaliwa. Basi nitrojeni iliyomo katika jani la mhindi ilitoka huko.

Je, mali hiyo twaitunzaje? Milima yetu ina mteremko mkali. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hata yamekuwa vipande, na wengi wameteremka kuelekea Beni kutafuta msitu wa kufyeka. Kisha twachoma majani. Moto huacha potasi katika majivu, ndiyo sababu mavuno ya kwanza hupendeza. Lakini nitrojeni nyingi hupaa na moshi, na mvua kubwa huyasomba majivu hadi mtoni. Baada ya miaka michache udongo umechoka.

Sasa, wapenzi wasomaji, ng'oeni mharagwe mmoja unaochanua. Mizizini mna vifundo vidogo. Pasueni kimoja: kikiwa chekundu ndani, bakteria zake zi kazini, zatwaa nitrojeni ya hewani na kuifanya amonia, ileile ya kule mawinguni. Kwa hiyo wakati wa kuvuna kateni shina, mwiache mizizi ardhini, na makapi yarudisheni shambani. Samadi nayo ifunikwe kwa majani ya mgomba na udongo, kwa maana harufu ikisikika mbali, chakula cha mimea chatoroka.

Mzee akimgawia mwanawe kipande cha mlima, na amgawie pamoja na rutuba yake.