Mashine Inaleta Waulizaji, Wanunuzi Wako Wapi?

Biashara ni matangazo. Kwa msemo huo sisi watu wa redio tumelipwa mishahara miaka mingi, kwa hiyo mnivumilie leo nikizungumzia matangazo yanayotupita kando na kwenda moja kwa moja kwenye simu ya mkononi.

Zamani, na wala si zamani sana, mfanyabiashara aliyelipia tangazo katika Facebook au Instagram alichagua mwenyewe nani alione: wanawake, umri wa miaka 25 hadi 40, wakazi wa Dar es Salaam, wapenda mitindo. Tangu mwaka 2022 kampuni ya Meta, yenye mitandao hiyo, imekuwa ikiikabidhi kazi hiyo akili mnemba kwa jina la Advantage+. Google walitangulia mwaka 2021 na Performance Max, ambayo husambaza tangazo katika YouTube, Gmail, ramani na kwingineko bila mwenye tangazo kuchagua mahali. Eneo bado analipanga yeye. Lakini akisema anataka wapenda mitindo, siku hizi mashine huweza kulichukua neno lake kama ushauri tu.

Je, inamjuaje mnunuzi? Huambiwa lengo, hutazama nani amelitimiza, kisha hutafuta wengine wanaofanana naye. Mkiiambia mnataka laiki, italeta watu hodari wa kubonyeza laiki. Mkiiambia mnataka ujumbe wa WhatsApp, italeta waandishi wa ujumbe.

Sasa mchukueni muuza vitenge wa Kariakoo. Mteja anaandika "bei gani?", wanapatana, analipa kwa simu au anafika dukani na fedha taslimu. Mashine imeliona swali. Malipo haikuyaona, maana hakuna aliyeiambia. Kwake, aliyenunua doti tatu na aliyeuliza bei akanyamaza ni sawasawa. Basi itazidi kuleta waulizaji, na fedha ya tangazo inakatwa kila siku.

Kule ambako watu hulipa ndani ya tovuti, tovuti yenyewe huipelekea mashine taarifa ya malipo, nayo hujifunza. Kwa maoni yangu, vyombo hivi vilibuniwa kwa soko la namna hiyo, si kwa soko la kupatana bei.

Tangu 2023 vyombo hivyo vinaweza pia kuandika maneno ya tangazo na kuchora mandhari nyuma ya picha ya bidhaa. Yasomeni na kuyatazama kabla ya kuyaruhusu, kwani mteja akikuta kitu tofauti dukani, hatagombana na mashine.

Kwa mwenye duka, dawa ya kuanzia ni daftari. Kila anayelipa aulizwe ameliona wapi tangazo. WhatsApp Business nayo ina lebo za kutenga mazungumzo ya waliolipa. Jumamosi jioni, gawanyeni fedha ya tangazo kwa idadi ya waliolipa, si ya walioandika. Ikiwa jibu linazidi faida anayoiacha mnunuzi mmoja, lizimeni tangazo jioni hiyo hiyo.