Upasuaji wa Kukaza Uso: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kupanda Mezani

Jioni moja mwaka uliopita, mama mmoja jirani yetu, mtumishi mstaafu wa serikali, alifika nyumbani kwangu akiwa na bahasha. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alitoa picha mbili za mwanamke mmoja ambaye hata yeye hakumfahamu. Katika picha ya kwanza mashavu yalikuwa yameshuka na ngozi ya shingo imelegea; katika ya pili taya lilionekana limechongwa vizuri na shingo imenyooka. Picha hizo alikuwa amepelekewa na wakala wa hospitali moja ya ng'ambo, pamoja na hesabu ya gharama za upasuaji, nauli ya ndege na malazi ya siku 7. "Mwanangu," aliniambia, "wewe ndiye unayewafundisha hao madaktari. Hebu niambie, jambo hili lina madhara?"

Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa anatomia, si mpasuaji. Hata hivyo nilimwambia kuwa swali la madhara ni la pili. La kwanza ni hili: upasuaji huo hufanya nini hasa? Mtu asiyejua kinachokatwa, kinachovutwa na kinachoachwa kama kilivyo hawezi kupima madhara wala manufaa yake. Makala haya yamekusudiwa kumsaidia msomaji wa namna hiyo, awe mwanamke au mwanamume.

Uso huzeekaje

Tabaka la ndani la ngozi limefumwa kwa nyuzi za protini za aina mbili: kolajeni, ambayo huipa ngozi nguvu, na elastini, ambayo huirudisha mahali pake inapovutwa. Kadiri miaka inavyopita nyuzi hizi hupungua na kukatika, na jua huharakisha kazi hiyo. Watu wenye ngozi nyeusi wana melanini nyingi, ambayo huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Kwa sababu hiyo makunyanzi madogo madogo huchelewa kwetu kuliko kwa Wazungu wa rika lile lile.

Lakini kuchelewa kwa makunyanzi si kutozeeka. Chini ya ngozi, mafuta ya shavu hupungua mahali pamoja na kushuka mahali pengine. Kano zinazoishikiza ngozi kwenye mfupa hulegea. Hata mfupa wa taya na ule unaozunguka jicho hupungua. Hivyo aghalabu uso wa mzee wa Kiafrika huwa na ngozi laini, lakini shavu limeshuka, mfereji utokao puani hadi pembe ya mdomo umekuwa wa kina, na ukingo wa taya umefunikwa na nyama inayoning'inia. Kilichozeeka zaidi ni kile kilicho chini ya ngozi.

Jambo hili lilichukua muda mrefu kueleweka. Mjerumani Eugen Holländer alieleza mwaka 1932 kwamba alikwisha kufanya upasuaji wa namna hii mjini Berlin mwaka 1901. Huko Paris, Suzanne Noël, mmoja wa wanawake wa kwanza katika fani hii, alichapisha kitabu chake mwaka 1926. Mbinu ya siku hizo ilikuwa kukata kipande cha ngozi karibu na sikio, kuvuta kilichobaki na kushona. Lakini ngozi ni kitu kinachonyumbuka. Ikivutwa hurefuka tena. Matokeo hayakudumu, na palipovutwa mno uso ulikaa kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, na kovu likatanuka.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 Tord Skoog wa Uppsala, Sweden, alieleza jinsi ya kuinua ngozi pamoja na tabaka lililo chini yake. Mwaka 1976 Vladimir Mitz na Martine Peyronie, wakifanya kazi Paris, walichora kwa usahihi utando wa nyuzi uliolala chini ya mafuta ya ngozi na kuungana na misuli ya uso. Tangu hapo wapasuaji wengi huuvuta na kuukaza utando huo, kisha ngozi hulazwa juu yake bila kulazimishwa, na ile iliyozidi ndiyo inayokatwa. Kwa hiyo si utovu wa adabu kumwuliza daktari: "Utakachovuta ni ngozi peke yake, au na utando wa chini?" Daktari anayeijua kazi yake hatachukizwa na swali hilo.

Mkato wenyewe kwa kawaida huanzia katika nywele za panja, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe, hupanda nyuma ya sikio na kuishia katika nywele za kisogo. Kazi huchukua saa kadhaa, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi au amepewa dawa ya kumtuliza pamoja na sindano za ganzi. Yanayonufaika ni mashavu ya chini, ukingo wa taya na shingo. Makunyanzi ya paji la uso, mistari inayozunguka midomo, kope zilizolegea na mabaka ya ngozi hayaguswi na upasuaji huu; kila moja lina tiba yake ya peke yake. Wala saa ya mwili haisimamishwi. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa kwa miaka mitano na nusu, na ukaona kwamba takriban robo tatu yao walikuwa bado wanaonekana vijana zaidi kuliko walivyokuwa kabla ya kupasuliwa. Robo iliyobaki haikuwa hivyo, ijapokuwa ililipa gharama ile ile.

Njia ya neva

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo nilipo nyumbani. Misuli yote inayokunja uso, kufumba jicho, kucheka na kupuliza huendeshwa na neva moja, yaani ya saba kati ya zile zitokazo kwenye ubongo. Neva hiyo hutokeza chini ya fuvu karibu na ndewe la sikio, huingia katika tezi la mate lililo mbele ya sikio, na humo hugawanyika katika matawi makuu matano. Huwaambia wanafunzi wangu waweke kiganja shavuni, kifundo cha mkono kikiwa kwenye ndewe, na vidole vitano vitawaonyesha matawi yanakokwenda: panja, shavu la juu, shavu la kati, ukingo wa taya, na shingo. Wanafunzi wanaosoma kwa Kiingereza hukariri majina ya matawi hayo kwa sentensi inayozungumzia safari ya kwenda Zanzibar kwa motokaa. Aliyeitunga bila shaka hakuwahi kukiona kivuko.

Kisu cha mpasuaji hupita juu kidogo ya matawi hayo, na katika mbinu nyingine hupita kandokando yake kabisa. Tawi la panja huvuka mfupa wa shavu likiwa karibu sana na ngozi. Likidhurika, unyusi wa upande huo hauinuki. Likidhurika tawi la ukingo wa taya, mdomo huenda upande mtu anapocheka. Mara nyingi neva huwa imevutwa au imebanwa na uvimbe tu, nayo hurudia kazi yake baada ya majuma au miezi. Udhaifu wa kudumu humpata mgonjwa chini ya mmoja katika kila 100. Idadi hiyo ni ndogo, lakini msomaji akumbuke kwamba inahusu tabasamu lake, nalo halina la akiba.

Neva inayodhurika mara nyingi zaidi ni nyingine, ile inayopanda shingoni kuleta hisia sikioni. Ikikatwa, ndewe hufa ganzi. Mwanamke huweza kupoteza hereni bila kuhisi kwamba imedondoka.

Damu na moshi

Tatizo linalotokea mara nyingi kuliko mengine katika upasuaji huu ni damu kuvilia chini ya ngozi iliyoinuliwa. Kwa kawaida hutokea katika saa 24 za kwanza. Dalili zake ni maumivu yanayozidi, hasa ya upande mmoja, pamoja na uvimbe unaokaza. Mgonjwa hana budi kurudishwa haraka ili damu hiyo itolewe, kwani ikiachwa hubana mishipa midogo na ngozi iliyo juu yake huweza kufa. Shinikizo kubwa la damu ni mchochezi wake mkuu, na wengi wetu tunalo bila kujua. Wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake, kwa kuwa ngozi ya ndevu ina mishipa mingi ya damu. (Mwanamume ajue jambo jingine pia: ngozi ya ndevu ikisogezwa, anaweza kujikuta akinyoa mpaka sikioni.)

Kwa sababu hiyo hiyo ni lazima daktari aambiwe dawa zote mtu anazotumia, zikiwemo aspirini, dawa za maumivu ya viungo, vidonge vya kitunguu saumu na dawa za miti shamba, maana baadhi yake huzuia damu kuganda. Lakini mtu anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo au kwa kuwa aliwahi kupata kiharusi asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwenye kisukari naye atapasuliwa tu pale sukari yake itakapokuwa imedhibitiwa.

Ama tumbaku, habari yake ni nzito. Ngozi iliyoinuliwa huishi kwa damu chache inayopita kwenye kingo zake, na nikotini huibana mishipa hiyo. Mwaka 1984 wapasuaji wa New York walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba hatari ya ngozi kufa baada ya upasuaji huu ilikuwa kubwa takriban mara 12 kwa wavutaji kuliko kwa wasiovuta. Shirika la Afya Duniani hushauri kuacha angalau majuma manne kabla ya upasuaji wowote. Ugoro na tumbaku ya kutafuna zina nikotini ile ile.

Kovu linalovuka mpaka

Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa kuwatazama wagonjwa weupe, na hapo ndipo mgonjwa wetu anapopaswa kuwa macho zaidi. Kuna watu ambao kovu lao halikomi pale jeraha lilipokoma, bali huendelea kukua na kuvamia ngozi nzima iliyo kando. Madaktari huliita keloidi, jina lililotolewa na Mfaransa Alibert mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kulifananisha na gando la kaa. Hali hii huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na aghalabu hurithiwa katika ukoo. Mahali inapopenda kuota ni kifuani, mabegani, kwenye taya na masikioni. Msomaji akirudi kuitazama njia ya mkato niliyoieleza, ataona kuwa nusu yake huzunguka sikio.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hospitali. Mtu ajitazame matundu ya hereni, alama za chanjo, kovu la uzazi kama alijifungua kwa upasuaji. Kisha awatazame ndugu zake. Penye uvimbe mgumu unaozidi jeraha la asili, ni heri daktari bingwa wa ngozi aone kabla ya mpasuaji. Keloidi ikikatwa tu, bila tiba nyingine ya kuizuia, mara nyingi hurudi ikiwa kubwa zaidi.

La mwisho katika ngozi ni mkorogo. Mchanganyiko huu wa kujichubua mara nyingi huwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuchelewesha kupona kwa jeraha. Zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu, huweza kuzidhoofisha tezi zilizo juu ya figo, zile zinazousaidia mwili kustahimili msukosuko wa upasuaji. Wengi huona haya kumwambia daktari. Ni afadhali haya ya dakika moja chumbani kwa daktari kuliko kuzimia mezani.

Nilirudi kwenye ile bahasha. Picha ya kwanza ilipigwa kichwa kikiwa kimeinama na taa ikitoka juu. Ya pili kidevu kimeinuliwa na taa iko mbele. Picha hizo zisingetosha kama ushahidi hata kwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Zile siku 7 nazo zilinitia wasiwasi. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 10, uvimbe na weusi huchukua majuma mawili au matatu, neva huweza kuhitaji miezi, na keloidi huota mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kwao siku nyingi. Tena safari ndefu ya ndege mara baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Nilimwomba amwandikie wakala maswali matatu: jina na sifa za mpasuaji, ni nani atakayemhudumia akipata tatizo baada ya kurejea nyumbani, na kama atapewa taarifa ya maandishi ya yote aliyofanyiwa.

Kisha nilimwomba anionyeshe sikio lake. Nyuma ya ndewe la kushoto, penye tundu alilotobolewa utotoni, palikuwa na uvimbe mgumu wa kadiri ya harage, ambao kwa miaka yote alikuwa ameuficha kwa mtandio na hakuwahi kuuhusisha na jambo hili. Juma lililofuata alikwenda kwa daktari wa ngozi, na huko huko akapimwa damu, shinikizo likaonekana liko juu sana. Wakala alijibu swali moja tu kati ya yale matatu. Nilipomwona mara ya mwisho mama huyo alikuwa bado hajaamua. Bahasha ameiweka kabatini, na dawa za shinikizo anameza kila asubuhi.