Taji na Daraja la Meno: Kazi Iliyo Chini ya Kauri

Taji la jino, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la kofia, ni gamba gumu linalotengenezwa maabara kwa umbo la jino na kuvishwa juu ya jino lililoharibika, likalifunika pande zote hadi karibu na ufizi. Na daraja la meno ni mataji yaliyounganishwa na jino la bandia lililo kati yake, ili pengo lililoachwa na jino lililong'oka lizibwe bila mtu kulazimika kuvua na kuvaa meno kila siku. Vitu hivi viwili hutazamwa mno kama pambo, ilhali uhai wake hutegemea zaidi kisichoonekana, yaani kiasi cha jino halisi kilichobaki chini, afya ya ufizi unaolizunguka, na mfupa ulioshika mzizi.

Haja ya taji inatokana na maumbile ya jino lenyewe. Enameli, ambayo ni ganda jeupe la nje, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika mwili wa binadamu, lakini chembe zilizoitengeneza hutoweka jino linapochomoza, hivyo ikishatoboka au kumeguka haioti tena. Chini yake kuna dentini, tabaka laini kidogo lenye umanjano, na ndani kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu dogo huzibwa na mambo yakaisha. Gego lililoliwa hadi likabaki na kuta nyembamba ni jambo jingine, kwa kuwa kila mtu anapolitafunia, kijazo kikubwa kilichomo husukuma kuta hizo kwa nje kama kabari ndani ya gogo, na siku moja, pengine kwa bisi tu au kijiwe ndani ya wali, jino hupasuka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa gego lililotibiwa mzizi, ambalo kiini chake kilichooza kimeondolewa na mifereji yake kuzibwa, maana limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mwili wake; mgonjwa anayeridhika kwamba maumivu yamekwisha, asirudi kuvishwa taji, anaweza kulipoteza jino ambalo tayari limemgharimu muda na fedha.

Ili taji lipate nafasi, daktari huchoma sindano ya ganzi, kisha hulipunguza jino kwa takriban milimita 1 hadi 1.5 ubavuni na hadi milimita 2 sehemu ya kutafunia. Kuta zinazobaki huchongwa ziwe karibu sambamba, zikielekeana kidogo tu kwa juu, kwa sababu jino lililochongwa kama pia huliachia taji kwa urahisi, hata gundi iwe nzuri namna gani. Jambo lenye uzito kuliko yote ni kwamba ukingo wa taji unapaswa kukumbatia jino zima lisilooza kwa kimo cha milimita 2 hivi kuzunguka pande zote. Mafundi seremala wanaijua kanuni hii kwa njia yao, kwani pete ya chuma inayovishwa kwenye mpini wa patasi ndiyo inayouzuia usipasuke unapogongwa nyundo; lakini pete hiyo haina faida ikiwa imeshika mbao iliyooza. Jino lililomeguka hadi usawa wa ufizi halina cha kukumbatiwa, na hapo daktari mwaminifu humwambia mgonjwa mapema kwamba taji halitadumu.

Baada ya kuchonga, daktari huchukua chapa ya meno kwa silikoni laini inayoganda mdomoni, au huyapiga picha kwa kamera ndogo ya kompyuta. Chapa humiminwa jasi, na juu ya jino hilo la jasi fundi wa maabara hujenga taji, wakati mgonjwa akivaa taji la muda la plastiki kwa wiki moja au mbili. Njia ya kuchonga taji kwa mashine karibu na kiti cha mgonjwa, akaondoka nalo siku hiyohiyo, ina asili yake katika kazi ya Werner Mörmann na Marco Brandestini huko Zürich, ambako kijazo cha kwanza cha kauri cha namna hiyo kiliwekwa mwaka 1985.

Siku ya kuvisha, kazi hupimwa kwa kipande cha karatasi chembamba kuliko unywele, chenye wino wa buluu. Mgonjwa huuma, husaga meno kushoto na kulia, na wino huacha nukta mahali meno yanapokutana. Nukta moja nzito juu ya taji, huku meno ya jirani yakiwa hayana alama, maana yake taji limezidi kimo, na daktari hulisugua kidogo kidogo hadi nukta zilingane. Mgonjwa asione haya kusema kwamba taji linatangulia kugusa, kwa kuwa hata sehemu ndogo ya milimita moja huweza kuliumiza jino na msuli wa taya kwa wiki nzima.

Kuhusu malighafi, dhahabu ndiyo kongwe. Waetruski, watu wa kale wa nchi ambayo leo ni Italia, walifunga meno kwa mikanda ya dhahabu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Mwaka 1907 William Taggart wa Chicago alitangaza namna ya kusubu dhahabu kwa kutumia umbo la nta linaloyeyuka, na taji likaanza kukaa sawasawa juu ya jino. Leo yapo mataji ya chuma kilichofunikwa kauri, ya kauri tupu, na ya zirkonia, ambayo ni kauri ngumu mno inayofaa magego. Katika pwani ya Afrika Mashariki jino la dhahabu limekuwa urembo kwa muda mrefu, wala hakuna ubaya katika kupenda pambo hilo. Ubaya uko katika gamba jembamba linalobandikwa mitaani na mtu asiye na taaluma, juu ya jino ambalo halikuchongwa, kwani ukingo wake huacha mwanya ambamo chakula huingia na kuozea, na gamba linapokuja kutoka, jino la chini huwa limelika.

Daraja huja jino linapokuwa halipo kabisa. Pengo likiachwa wazi, meno ya jirani huweza kuinama kulielekea, na jino la upande wa pili hushuka au kupanda likitafuta mwenzake. Daraja la kawaida huchonga meno ya pande zote mbili yawe nguzo, na hapo ndipo penye gharama isiyoandikwa kwenye risiti: ikiwa nguzo hizo zilikuwa meno mazima, enameli yake imeondolewa kwa ajili ya jirani, na kuanzia siku hiyo meno mawili hubeba mzigo wa matatu. Kwa jino la mbele lipo daraja lenye bawa, linalogundishwa nyuma ya jino jirani bila kulichonga sana, nalo linastahili kuulizwa kwanza. Lipo pia jino la kupandikiza, lenye skrubu ya titani inayoshikamana na mfupa, ambalo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alianza kumwekea binadamu mwaka 1965. Haliwagusi majirani, lakini linahitaji upasuaji, mfupa wa kutosha na fedha nyingi zaidi.

Kuna jambo ambalo fundi wa Afrika Mashariki hana budi kulikumbuka. Mwanya wa meno ya mbele, ambao kwingineko huzibwa, hapa ni uzuri, na mtu aliyepoteza jino moja kando ya mwanya wake huenda asitake daraja linaloufuta. Inawezekana kuunganisha daraja kwa waya mwembamba unaopita nyuma, kwenye kaakaa, mwanya ukabaki, mradi mgonjwa aseme kabla ya chapa kuchukuliwa.

Daraja likishagundishwa, mswaki pekee hautoshi, kwa sababu bakteria hukaa chini ya jino la katikati, mahali pasipofikika kwa juu. Uzi wa kusafishia meno huingizwa kwa sindano ya plastiki kutoka upande wa shavu, ukavutwa chini ya daraja na kusuguliwa huku na huku. Taji lenyewe haliozi, ila jino kwenye ukingo wake huoza, na huko ndiko mataji mengi yanakoanzia kuharibika. Anayesaga meno usingizini huhitaji kinga ya plastiki usiku, na kumenya miwa au kufungua chupa ya soda kwa meno hakumfai aliyevaa kauri. Taji likitoka, lisibandikwe kwa gundi ya dukani. Lisuuzwe, lifungwe ndani ya kichupa safi, na lipelekwe kwa daktari ndani ya siku chache, kwa kuwa mara nyingi lilelile huweza kurudishwa, kabla meno ya jirani hayajasogea na kulinyima nafasi yake ya zamani.