Kigeuzi cha Sauti: Mpiganaji Aangalie Nini Kabla ya Kutoa Fedha Zake

Katika kota nyingi za wanajeshi na polisi, santuri na kanda zimekwisha kuondoka. Muziki sasa hutoka katika simu, kompyuta au televisheni. Amplifaya na spika, hata hivyo, zimebaki zile zile, nazo hazijui lugha ya tarakimu. Kazi ya kuzifasiria hufanywa na kisanduku kidogo kiitwacho kigeuzi, ambacho dukani hutambulikana kwa herufi tatu zilizopigwa chapa juu yake: DAC. Ndugu aliyerejea kutoka Somalia na akiba yake mkononi huonyeshwa kisanduku hicho katika maduka ya Kampala, naye hana wa kumwambia kama bei yake ni ya haki.

Muziki wa CD huhifadhiwa kwa tarakimu. Kila sekunde sauti hupimwa mara 44,100, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kanuni hiyo ilitungwa na Sony ya Japani na Philips ya Uholanzi mwaka 1980, na mashine za kwanza zikaanza kuuzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982. Kigeuzi huzipokea tarakimu hizo na kuzirudisha ziwe umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe; amplifaya huukuza umeme huo, na spika huutia hewani.

Ifahamike kwamba kila simu na kila kompyuta ina uwezo wa kazi hiyo ndani yake, au katika kiunganishi kidogo cha waya wake. Kwa hiyo hapana budi kuuliza kwanza kama kuna kasoro. Ikiwa kompyuta yako huvuma au kukwaruza ndani ya spika, au televisheni yako haina njia nyingine ya kutolea sauti ila tundu la waya wa mwanga, unayo sababu ya kununua. Kama hakuna kasoro yoyote, kaa na fedha zako.

Tuseme bei ya wastani ni kati ya dola 100 na 300 za Kimarekani. Katika daraja hiyo wamo Topping na SMSL wa China, iFi wa Uingereza na Schiit wa Marekani. Jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitamka ni kwamba hapo usafi wa sauti si tatizo tena. CD huweza kubeba tofauti ya desibeli 96 hivi baina ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini; vigeuzi kadhaa vya bei hii hufikia desibeli 110 na zaidi. Kanda za studio zilizomrekodi Franco na TPOK Jazz katika miaka ya 1970 zilikuwa na mvumo wao wenyewe, mkubwa kuliko kelele ya kigeuzi chochote kizuri cha leo. Tena wimbo wa Afrigo Band uliotiwa simuni kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ilhali CD hutumia 1,411, hauwezi kurudishiwa kilichokwisha kutupwa. Kigeuzi si mganga.

HILA YA DUKANI

Mbona basi dukani tofauti husikika waziwazi? Aghalabu sababu ni volti. Kigeuzi cha mezani kwa kawaida hutoa volti 2. Simu hutoa karibu volti 1 au pungufu. Kutoka volti 1 hadi 2 sauti hupanda desibeli 6, na sikio la binadamu hukipenda kilicho juu kidogo, likakiita kizuri. Mwambie muuzaji asawazishe ukubwa wa sauti, kisha akufiche ni chombo kipi kinachopiga. Akikataa, toka dukani.

Mwaka 2007 Wamarekani wawili, E. Brad Meyer na David Moran, walichapisha majaribio ya kuficha namna hiyo. Wasikilizaji walitakiwa kutofautisha muziki wa kiwango cha juu na ule ule ulioshushwa hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alijumlisha tafiti 18 akapata wastani wa asilimia 52.3. Tofauti ipo, lakini ni nyembamba mno kulipiwa mshahara wa mwezi, na majigambo ya kilohezi 768 yasikutishe.

Kwa mtu wa kambini, umeme ndio jambo la kuangaliwa. Kigeuzi kinachotumia volti 5 kwa tundu la USB kitafanya kazi kwa chaja ya simu, au kwa betri ya mfukoni umeme ukikatika. Chenye adapta yake kisomwe maandishi: aliyetoka masomoni Marekani huweza kurudi na adapta ya volti 120 peke yake, na soketi zetu ni za volti 240. Waya wa mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo hukata ule mvumo unaozunguka baina ya kompyuta na amplifaya. Ikiwa spika zako zina amplifaya ndani na hazina kitufe cha sauti, chagua kigeuzi chenye kitufe, la sivyo volti 2 kamili zitaamsha kota nzima.

Liko pia suala la masikio yetu wenyewe. Mlio wa bunduki huzidi desibeli 150 sikioni mwa mpigaji, nao huharibu usikivu hasa kati ya hezi 3,000 na 6,000, mahali penye utamu wa gitaa na herufi za maneno. Masikio mazima ya kijana hukoma karibu hezi 20,000. Mpiganaji ambaye masikio humlilia kila arudipo kutoka uwanja wa shabaha aende kwanza kwa daktari wa kikosi apimwe. Hakuna kisanduku kitakachomrudishia alichopoteza.

Mwenye dola 300 jumla, ushauri wangu ni dola 100 kwa kigeuzi na 200 kwa spika, kwani spika hutofautiana kiasi ambacho hata mtoto husikia. Mkopo wa Wazalendo au wa Exodus usiguswe kwa kazi hii. Una viwanja na ada za shule zinazoungojea.

Na kigeuzi kikiunganishwa na televisheni kisitoe sauti, usikirudishe dukani upesi. Televisheni nyingi hutuma sauti kwa mpangilio wa Dolby, ambao vigeuzi vya namna hii havijui kuusoma. Ingia katika mipangilio ya sauti ya televisheni, uchague PCM, na muziki utatoka.