Kijidudu Kisicho na Jina

Mgeni akiingia kijijini, wazee humwuliza jina lake, atokako, na ukoo wake. Mabingwa wa maradhi nao hufanya vivyo hivyo wapatapo kijidudu wasichokijua katika mwili wa mgonjwa. Leo nataka kuwaelezeni jinsi kijidudu kimoja kilivyotambuliwa huko Marekani.

Mwezi wa Julai, 1976, chama cha watu waliopata kuwa askari kilifanya mkutano katika hoteli moja mjini Philadelphia. Baada ya siku chache wengi wao walishikwa na homa kali na ugonjwa wa mapafu. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 182, na katika hao 29 walikufa.

Waganga walitwaa vipande vya mapafu ya maiti, wakavitia katika vyakula vinavyotumika kuoteshea vijidudu. Hakikuota kitu. Sababu yake ilijulikana baadaye: kijidudu hiki hutaka madini ya chuma na kitu kiitwacho sisteini, wala vyakula vya kawaida havikukitosheleza. Bwana Joseph McDade alikuwa ameona kwa darubini vijiti vichache sana katika wanyama wa majaribio, asivitilie maanani. Mwisho wa Desemba alivitazama tena, kisha akavikuza ndani ya mayai ya kuku yenye vifaranga vichanga. Safari hii viliota.

Lakini kukiona kijidudu si kuthibitisha kwamba ndicho kilichoua. Basi yeye na mwenzake, Charles Shepard, waliita shahidi, yaani damu ya wagonjwa. Mwili ukipigana na adui hufanya silaha zimfaazo adui yule. Silaha zilizokuwa katika damu ya wagonjwa wale zilikishika kijidudu hiki, na kwa wengi ziliongezeka kadiri ugonjwa ulivyoendelea. Habari hiyo ilitangazwa Januari, 1977.

Ikabaki kujua ukoo wake. Umbo peke yake halitoshi, maana vijidudu vyenye umbo la kijiti ni vingi mno. Wataalamu walipima mafuta yaliyomo mwilini mwake, kisha wakalinganisha asili yake ya urithi, iitwayo DNA, na ya vijidudu vingine vinavyojulikana. Hawakupata ndugu yake hata mmoja. Kwa hiyo mwaka 1979 kilifanyiwa ukoo mpya, kikaitwa Legionella pneumophila. Jina la kwanza latokana na chama cha wale askari wa zamani. La pili maana yake ni kipendacho mapafu.

Je, jina lina faida gani? Kijidudu kilichopatikana kwa mgonjwa mwaka 1947, kikawekwa bila kutambulikana, kilionekana kuwa ndicho hicho hicho. Ilijulikana pia kwamba penisilini haikiwezi, bali erithromaisini hufaa. Na kwamba hukaa katika maji ya uvuguvugu, kikaingia kifuani pamoja na matone madogo ya maji yanayoruka hewani. Hivyo waganga walijua dawa ya kutoa, na wenye majumba makubwa wakajua matangi na mabomba ya kuangalia. Adui asiyejulikana hana kinga. Akijulikana ukoo wake, hata maficho yake hujulikana.